MGONGO WAKO NA PIKAPU KUUKUU
Namna za bei nafuu za kupunguza mitikisiko ya gari katika njia mbaya



Umepanda pikapu alfajiri pale Baraka, umepita Fizi, na sasa unashuka Lubondja. Hujagusa bado koleo wala nyundo, lakini kiuno kinauma, shingo imekaza, na miguu inatetemeka. Wenzako wanacheka wakisema: "Gari ni zee, tufanye nini?"

Tukuambie leo kwamba mara nyingi si uzee wa gari. Ni tairi lililojazwa upepo kupita kiasi. Ni springi zilizoshikana kwa kutu. Ni bamba la lori lililoongezwa ili pikapu ibebe zaidi. Ni shokomzoba iliyokufa mwaka jana na hakuna aliyeitazama. Mambo hayo yana dawa, na sehemu kubwa ya dawa hiyo ni kazi ya mikono ya siku moja.

Ukurasa wetu wa leo ni kwa shoferi, kwa fundi, na pia kwa wewe unayekaa nyuma juu ya mzigo.

KWA NINI NI JAMBO LA USALAMA, SI LA STAREHE

Kwanza, mwili. Uti wa mgongo umejengwa kwa mifupa midogo, na katikati ya mfupa na mfupa kuna kifuko laini kinachopokea uzito. Mtu aliyeketi akitikiswa juu na chini kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, mwili wake huitikia mtikisiko huo na kuuongeza badala ya kuuzima. Pikapu ngumu katika njia ya mawe hukupa mitikisiko ya namna hiyo saa nzima, pamoja na vishindo vya mashimo. Ndiyo sababu maumivu ya kiuno ni ugonjwa unaojulikana wa mashoferi wa lori, wa trekta na wa mitambo ya migodini. Kipimo cha kimataifa cha mitikisiko ya mwili, kiitwacho ISO 2631, kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1974, na mwaka 2002 nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha sheria ya kuweka mpaka wa mitikisiko ambayo mfanyakazi anaweza kupewa kwa siku. Kwa namna wanavyohesabu, ukipunguza nguvu ya mtikisiko hadi nusu, ni kama umepunguza saa za safari hadi robo. Kumbe faida ya kurekebisha gari ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Pili, njia. Tairi lililoruka haligusi ardhi, na tairi lisilogusa ardhi halishiki breki wala haligeuzi gari. Shoferi anayeteremka kutoka Fizi kuelekea ziwani na nyuma ya gari inarukaruka, ana breki kwa nusu tu ya wakati. Akikata kona, mkia wa gari unatupwa pembeni. Hapo tayari ni ajali.

Tatu, abiria. Pikapu ile ile inayobeba wafanyakazi mchana ndiyo inayoamshwa usiku kumpeleka mama mwenye uchungu wa kuzaa, au mgonjwa aliyevunjika mguu, hospitalini Fizi au Baraka. Huyo hana nguvu za kujishikilia.

JUA KWANZA GARI LAKO LINAVYOBEBA

Chukua mfano wa Land Cruiser pikapu ya zamani, iwe ile ya aina ya 45 iliyoacha kuundwa mwaka 1984, au ile ya 75 iliyofuata. Gari hilo linakaa juu ya springi nne, ambazo wengi wetu huziita resori. Kila springi ni fungu la mabamba ya chuma yaliyolazwa moja juu ya jingine, marefu juu, mafupi chini. Gurudumu likipanda jiwe, mabamba yanapinda na kuteleza moja juu ya jingine. Gurudumu likishuka, yanarudi.

Springi peke yake hurudi na kurudi tena kama mtoto juu ya kitanda. Kazi ya kuizuia isiendelee kuruka ni ya shokomzoba, yaani amotisere. Chini kabisa, kabla ya yote hayo, kuna tairi lenye upepo, nalo ni springi ya kwanza. Juu kabisa kuna kiti chako, nacho ni springi ya mwisho.

Basi tutengeneze kwa mpango huo, tukianza na kisichogharimu kitu.

1. UPEPO WA TAIRI: DAWA YA BURE

Mashoferi wengi hujaza tairi la nyuma upepo wa mzigo kamili, kisha huliacha hivyo hivyo gari likirudi tupu. Tairi linakuwa kama jiwe.

Tafuta kibandiko cha kiwanda, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa shoferi, au soma kitabu cha gari. Kwa pikapu utaona namba mbili za nyuma: moja ya gari tupu, nyingine ya gari lenye mzigo. Fuata namba inayolingana na safari yako ya siku hiyo. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi. Usitoe upepo njiani kwa sababu umeona kipimo kimepanda. Joto ndilo lililotanua upepo, na tairi likipoa utabaki na upungufu.

Wala usishuke chini ya namba ya kiwanda kwa kutafuta ulaini. Tairi legevu lenye mzigo hujikunjakunja, hupata joto kali, na hupasuka.

ANGALIA SANA: magurudumu mengi ya pikapu za zamani yana pete ya chuma inayofunga tairi kwenye rimu. Pete hiyo ikiruka na upepo ndani, inaua. Kabla ya kuifungua, toa upepo wote kwa kuondoa kiini cha vali. Wakati wa kujaza, liweke gurudumu ndani ya kizimba cha chuma au lifungwe mnyororo, tumia bomba refu, na simama pembeni. Usiiname juu yake hata kidogo.

2. MZIGO NA MWENDO: NAVYO NI BURE

Pikapu za aina hii zimeundwa kubeba karibu tani 1. Tufanye hesabu pamoja. Watu 12 wa kilo 65 ni kilo 780. Pipa moja la mazuti la lita 200 ni karibu kilo 190. Mifuko 4 ya saruji ya kilo 50 ni kilo 200. Jumla ni kilo 1170, na bado hatujahesabu vifurushi. Springi zilizolemewa hivyo hazina nafasi ya kupinda tena. Kila shimo linagonga chuma kwa chuma.

Weka mzigo mzito chini na mbele ya ekseli ya nyuma, karibu na kabini, na ufunge kamba. Mzigo uliowekwa mkiani huinua mbele ya gari, na usukani unakuwa mwepesi. Abiria wakae chini sakafuni karibu na kabini, wasikae juu ya ukingo wala juu ya pipa. Anayekaa mkiani, nyuma ya ekseli, ndiye anayerushwa zaidi.

Kuhusu mwendo, umeona wakati wa kiangazi njia inavyojikunja kama bati. Mwaka 2007 wanafizikia wa Kanada, Ufaransa na Uingereza walichapisha majaribio waliyofanya kwa gurudumu na mchanga. Waliona kwamba mikunjo hiyo huanza pale gurudumu linapopita kiasi fulani cha mwendo, na chini ya mwendo huo njia hubaki sawa. Kwa hiyo shoferi anayekimbia ili asisikie bati, ndiye anayewachongea bati wenzake. Hata kwa sisi tunaosafiri kwenda Baraka, haraka haraka haina baraka.

3. SPRINGI: BURASHI, GRISI NA JASHO

Mvua za kuanzia Septemba au Oktoba hadi Mei zinaingiza tope katikati ya mabamba. Kiangazi kinalikausha, na kutu inakamilisha kazi. Mabamba sita yaliyoshikana kwa kutu hayatelezi tena. Springi inakuwa chuma kimoja kinene.

Fanya hivi. Egesha gari mahali tambarare na uweke mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Inua gari kwa jeki chini ya fremu, si chini ya ekseli, ili ekseli ining'inie na mabamba yaachane kidogo. Weka vigogo imara au stendi chini ya fremu. JEKI PEKE YAKE SI USALAMA. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tu. Kisha osha tope, sugua kutu kwa burashi ya waya, acha pakauke, na upake grisi yenye grafiti kwenye ncha za mabamba kwa kutumia kisu butu au bamba jembamba.

Watu wengine hupaka oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Tunakushauri uiache. Oili hiyo ikigusa ngozi yako mara kwa mara kwa miaka inaweza kuleta kansa ya ngozi, na ikigusa mipira ya bushi inaivimbisha na kuiozesha. Kama springi zako ni za namna mpya, zenye vipande vya plastiki katikati ya ncha za mabamba, usipake grisi. Badilisha vipande vilivyolika.

Usisahau jumele, yaani kile kiungo kinachoning'inia mwisho wa springi na kuiacha irefuke inapopinda. Kikishikwa na kutu, springi haiwezi kurefuka, na kishindo chote kinapanda moja kwa moja kwenye fremu. Kama pini zake zina nipu, zipige grisi mpaka grisi chafu itoke na safi ionekane. Fanya hivyo kila baada ya kuvuka maji na matope mengi.

4. BUSHI: KITU KIDOGO, KELELE KUBWA

Kwenye macho ya springi kuna bushi za mpira. Zikiisha, utasikia mgongano wa chuma kila shimo, na gari litayumba kwa mkia. Bushi mpya ni kati ya vipuri vya bei ndogo katika gari zima. Waombe wanaosafiri kwenda Uvira, au wanaovuka ziwa kutoka Kigoma kuja Baraka, wakuletee. Wape namba ya gari na bushi ya zamani iwe mfano mkononi.

Hapa kuna kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya. Wanakaza bolti ya bushi gari likiwa bado juu ya jeki. Gari likishushwa, mpira wa bushi unapindwa na kukaa umepindwa hivyo daima. Springi inakuwa ngumu, na bushi inachanika baada ya muda mfupi. Njia sahihi ni hii: ziingize bolti, zishike kidogo, shusha gari likae kwa miguu yake, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze kabisa.

Tazama pia mipira inayobeba kabini juu ya fremu. Ikiwa imebanwa na kuwa kama kipande cha ubao, kabini yote inapigwa. Ikikosekana mipya, fundi anaweza kukata vipande vya mkanda mkuukuu wa kusafirishia mawe, au ukuta wa tairi lisilo na nyaya, avitoboe na kuviweka. Lakini ujanja huo ni wa kabini tu. Usiutumie kwenye macho ya springi wala kwenye viungo vya usukani.

5. BAMBA LA ZIADA: RAFIKI WA MZIGO, ADUI WA MGONGO

Hapa ndipo penye neno letu kubwa la leo. Lala chini utazame springi zako za nyuma, uhesabu mabamba, ulinganishe kulia na kushoto, kisha uulize yalikuwa mangapi kiwandani. Katika pikapu nyingi utakuta moja au mawili yameongezwa, tena yametoka kwenye lori.

Chuma kina sheria yake. Bamba lenye unene mara 2 haliwi gumu mara 2. Linakuwa gumu mara 8, kwa sababu ugumu unafuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Bamba moja la lori la milimita 12, likiwekwa katika fungu la mabamba ya milimita 6 ya urefu sawa nalo, ni kama umeongeza mabamba manane. Gari likiwa limejaa saruji husikii sana. Lakini siku zote linaporudi tupu au na watu wanne tu, springi hazipindi kabisa, na wewe ndiye unayepinda.

Usidhani pia kwamba bamba hilo limeipa pikapu nguvu ya kubeba. Ekseli, bearingi, breki, fremu na tairi vimebaki vile vile. Umeondoa tu dalili iliyokuwa inakuambia kwamba mzigo umezidi.

Kama kazi ya gari ni kubeba watu, mwambie fundi aondoe mabamba yaliyoongezwa, abakize yale ya kiwanda, kulia na kushoto sawasawa. Bamba nene na nyoofu la chini kabisa, kama ni la kiwanda, liache. Hilo halifanyi kazi mpaka mzigo uwe mzito. Bolti ya katikati iwe mpya na ya chuma kigumu, si bolti ya dirisha. Bolti zenye umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli zilishanyooka kwa kukazwa, basi afadhali kununua mpya. Zikaze kwa mshazari, kidogo kidogo, kisha uzikaze tena baada ya safari ya kwanza. Zikilegea, ekseli inahama.

6. SHOKOMZOBA: IPIME KABLA YA KUINUNUA

Hiki ndicho kipuri cha gharama kubwa katika orodha yetu, kwa hiyo usikinunue kwa kubahatisha.

Kipimo cha kwanza: egemea kona moja ya gari kwa uzito wako wote, sukuma chini mara kadhaa, kisha uachie. Gari linatakiwa lipande na kutulia. Likiendelea kucheza, shokomzoba ya kona hiyo imechoka. Kwa pikapu ngumu iliyo tupu kipimo hiki hakitoshi, basi tumia cha pili: baada ya nusu saa ya njia mbaya, simama, zima gari, vuta breki ya mkono, ukaguse shokomzoba zote nne kwa uangalifu, ukijihadhari na bomba la moshi. Shokomzoba inayofanya kazi hupata joto, kwa sababu inageuza mruko kuwa moto. Ile iliyo baridi wakati wenzake wana joto, hiyo imekufa. Kipimo cha tatu ni macho: oili inayotiririka mwilini mwake, fimbo iliyopinda, bushi zilizokatika.

Badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja. Ukiwa na pesa za mbili tu, badilisha kwanza za ekseli ile ambayo hali yake ni mbaya zaidi. Chukua zenye urefu na ugumu uliopangwa na kiwanda. Zile ngumu sana za magari ya mashindano hazitakusaidia.

7. KITI NA NAMNA YA KUKAA

Kaza kwanza bolti za kiti. Kisha tazama sponji. Kama umekaa na unasikia chuma, badilisha. Usichague sponji laini kama mto wa kulalia, maana inabonyea mpaka chini na kishindo kinakufikia. Chagua ile nzito inayorudi polepole.

Shoferi, sogeza kiti ili magoti yabaki yamekunjwa kidogo na mgongo wako wote uguse egemeo. Simama unyooshe viungo kila baada ya saa moja au mbili. Nanyi mnaoshuka nyuma, msirukie chini, na msianze kubeba mifuko papo hapo. Baada ya saa nyingi za kutikiswa, mgongo umechoka. Tembeeni dakika chache kwanza.

USITHUBUTU

Usichomelee bamba la springi lililopasuka. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kwa namna maalumu, na moto wa kuchomelea unakifanya kikatike kama kauri, mara nyingi kwenye kona na gari likiwa limejaa.

Usikipashe moto springi ili ishuke, wala usiikate.

Usiweke kipande cha ubao katikati ya springi na ekseli.

Usirekebishe upande mmoja ukaacha wa pili.

PIMA KAZI YAKO

Usifanye yote siku moja. Fanya jambo moja, kisha upite katika kipande kile kile cha njia, kwa mwendo ule ule na mzigo ule ule. Weka nyuma ndoo ya maji iliyojaa nusu na uone yanayomwagika. Waulize pia waliokaa nyuma, maana wao hawana sababu ya kukudanganya. Ukienda hatua kwa hatua utajua ni kipi kilichosaidia, na hutatupa pesa kwa kisichohitajika. Huenda upepo na grisi peke yake vikatosha, na pesa za shokomzoba zikabaki kwa karo ya watoto.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Bushi moja leo ni ufa. Fremu iliyokatika na mgongo ulioharibika ni ukuta.

KUMBUKA, KILA ASUBUHI KABLA YA KUONDOKA:
– Upepo umepimwa, tairi likiwa baridi?
– Mabamba ya springi ni mazima, na bolti za U zimekaza?
– Shokomzoba hazivuji?
– Mzigo uko chini, mbele ya ekseli, na umefungwa?
– Watu wameketi sakafuni, na idadi yao inalingana na gari?

Kama jibu la swali moja ni hapana, gari lisubiri. Kazi itakukuta, lakini mgongo ukishavunjika hauna kipuri, si Uvira wala Kigoma.